Aliyekuonyesha Upite Hakuona Mbele: Kisa cha Noah Iliyokuwa Ikienda Msibani

Kisa hiki cha ajali nakitumia darasani ninapofundisha udereva wa kujihami. Nimeondoa namba za magari, tarehe, majina na mahali penyewe. Nilichobakisha ni kwamba ni barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa, kipande cha vilima baina ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Nimekijenga kutokana na picha za kamera ndogo iliyokuwa imebandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari la Toyota Noah, mazungumzo na dereva wake, na simu mbili ndefu na dereva wa semi, yaani lori la tela. Dereva wa basi nilizungumza naye mara moja, stendi, akiwa anakula. Mwenye Prado hakuna aliyempata.

Usuli

Noah ilitoka Mbezi saa 10 alfajiri ikiwa na watu wazima saba, mtoto mmoja wa kupakatwa, na mizigo hadi chini ya viti. Dereva ndiye mwenye gari, kijana wa miaka thelathini na kitu. Leseni anayo kwa miaka tisa, lakini miaka hiyo karibu yote imeishia mjini, kazini na nyumbani. Mbele kushoto aliketi shangazi yake. Walikuwa wanakwenda kumzika kaka wa shangazi, yaani baba mdogo wa dereva, katika kijiji kilicho juu ya mlima Kitonga. Maziko yalipangwa saa 9 alasiri.

Anayeijua barabara ile anajua kwamba ratiba ya namna hiyo ni ya matumaini. Ndiyo njia ya mizigo ya bandari kwenda Zambia, Malawi na Kongo. Ukishaiacha Morogoro ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati yake yamejaa malori ya mafuta, semi za makontena, mabasi ya mikoani, na yale magari ya IT (in transit) yanayotoka bandarini kwenda nchi jirani yakikimbia kama yamefukuzwa. Sheria inayataka magari mazito na mabasi yasizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi kila gari lisizidi 50. Ila semi yenye mzigo kamili haihitaji sheria ya kuipunguza mwendo, kilima kinatosha.

Foleni ya Kibaha mpaka Mlandizi iliwala zaidi ya nusu saa. Kijiji kimoja baada ya Morogoro wakapigwa tochi ya kupima mwendo, 68 penye 50, wakalipishwa faini ya 30,000 na dakika ishirini za maelezo. Ndani ya hifadhi ya Mikumi walikwenda kistaarabu, maana kuna matuta na kuna ule ubao wa bei za wanyama kwa dola, ambao nadhani unafanya kazi kuliko alama nyingine zote za barabara hiyo. Mtoto alionyeshwa twiga. Saa 4 na nusu asubuhi walikuwa Mikumi mjini, wakanywa chai wamesimama.

Tangu pale dereva alikuwa akipiga hesabu kichwani. Aliniambia: "Kijijini naogopa tochi, mlimani nitakwama nyuma ya malori. Kwa hiyo muda wangu wa kufidia ulikuwa hapa katikati tu." Hiyo sentensi niiweke pembeni, nitairudia.

Kilichotokea

Prado nyeupe iliingia kwenye kioo cha nyuma dakika chache baada ya Mikumi. Kwenye kipande kilichonyooka ikatoka kulia ili iipite Noah. Noah ilikuwa kwenye 75. Kamera haionyeshi nyuma, lakini inaandika mwendo kwenye kona ya picha, na mwendo ule unapanda: 78, 84, 91, 95. Mbele likatokea lori. Prado ikalazimika kurudi nyuma ya Noah. Honi yake inasikika kwenye picha, ndefu, ya hasira, na baada ya hapo taa zake za ful hazikuzimwa tena.

Nilimuuliza dereva kwa nini aliongeza mwendo. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Nilijisemea, kama ana haraka kunishinda mimi mwenye msiba, basi apae."

Kilomita chache mbele wote wawili wakaikuta foleni yao. Mbele kabisa lori la mafuta, nyuma yake semi ya kontena, zimefuatana kwa karibu, zinapanda kwa 50 na 55. Noah ikakaa nyuma ya semi, Prado ikaiganda Noah mgongoni. Shangazi anasikika:

"Mwanangu, huyu wa nyuma ana nini?"

"Muache, shangazi. Ana haraka zake."

"Na sisi si tuna haraka? Kaka yangu atazikwa sijamwona uso."

Dereva hakujibu. Dakika kumi na moja walikaa hapo. Ndani ya dakika hizo semi iliwasha indiketa ya kulia mara tatu, na kila ilipoiwasha, kweli, kuna gari lilikuja kutoka mbele. Kwa wasiosafiri sana njia hii: dereva wa lori akiwasha ya kulia bila kuwa na mahali pa kukunja, anakuambia usitoke, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anakuambia kweupe, pita. Mara tatu alisema kweli. Dereva wa Noah akamwamini mzima mzima.

Mara ya nne ikawaka ya kushoto.

Sekunde zinazofuata nimezitazama labda mara mia mbili. Tuanze kuhesabu indiketa inapowaka. Sekunde ya 2, Noah imeshatoka kulia. Sekunde ya 4, shangazi anasema "na yeye huyo anakuja", maana yake Prado imetoka nayo, imeshika mkia wa Noah upande ule ule wa kulia. Sekunde ya 7, Noah ikiwa imefika usawa wa kichwa cha semi, basi linatokeza kwenye kona iliyo mbele. Limewasha taa.

Sasa dereva anaona vitu vitatu kwa mpigo. Basi linakuja. Kati ya semi na lori la mafuta hakuna nafasi ya kuingia. Na kwenye saitimira, mahali alipotaka kurudi, pamejaa bampa ya Prado.

Alichofanya hapo nakisifu kila ninapokisimulia. Hakukanyaga mafuta kujaribu kulimaliza na lori la mafuta. Hakufunga breki kwa ghafla. Aliachia mafuta, akawasha indiketa ya kushoto, akapiga honi mbili fupi na kubaki sambamba na kichwa cha semi ili dereva wake amwone. Dereva wa semi akamwona. Sekunde ya 9 semi ikashika breki, unasikia upepo wake unavyofoka. Ikabaki nyuma, pengo likafunguka kama mlango. Sekunde ya 11 Noah imeingia.

Prado haikurudi. Pengo lilikuwa la gari moja, na mwenye Prado akaamua kupita katikati. Sekunde ya 15 magari matatu yalikuwa sambamba kwenye barabara ya magari mawili: Noah kushoto, Prado katikati juu ya mstari, na basi upande wa pili likiwa limeshashusha matairi yake ya kushoto nje ya lami, vumbi jekundu limeliinukia hadi madirishani. Saitimira ya kulia ya Noah ikaondoka. Ubavu wa nyuma ukakwanguliwa hadi kwenye taa. Basi lilipojaribu kurudi barabarani, tairi likasugua ukingo wa lami na kupasuka. Dereva wake akalishikilia, likasimama limeinama kidogo kuelekea korongoni.

Prado ikaenda.

Maamuzi, na sababu zake

Darasani watu wote huanza na Prado, na nusu saa nzima inaweza kuishia huko. Nawaacha waseme mpaka wachoke, kisha nauliza: ni maamuzi gani yalikuwa mikononi mwa dereva wa Noah? Yeye ndiye niliyenaye mimi. Wenye Prado hawaji darasani kwangu.

La kwanza lilifanyika siku moja kabla, kwenye kikao cha familia, pale walipokubaliana kutoka saa 10 alfajiri na si saa 6 usiku au jana yake jioni. Sababu ilikuwa ya kibinadamu kabisa: walikuwa wanasubiri mchango wa mtu mmoja. Lakini kuanzia hapo saa ndiyo iliyokuwa inaendesha gari.

La pili ni ile hesabu ya "muda wa kufidia". Alichukua dakika zote alizopoteza kwenye foleni na kwenye tochi akazipeleka kwenye kipande cha barabara chenye kona na vilima, kwa sababu hapo hapakuwa na trafiki. Ukimuuliza dereva yeyote kama hapo ndipo mahali pa kukimbizana na saa atakucheka. Yeye mwenyewe alicheka, baadaye.

La tatu ni kuongeza mwendo alipokuwa anapitwa. La nne ni kutoka kwa indiketa ya mwenzake bila yeye mwenyewe kuona mwisho wa barabara aliyokuwa anaiingia. La tano ni kubaki usawa wa semi na kuomba nafasi badala ya kukimbia mbele. Hilo la tano ndilo lililorudisha watu wanane nyumbani, na alilifanya bila kufikiri. Nilipomchimba zaidi aligundua amelitoa kwenye daladala: miaka ya ukondakta, kabla hajawa na leseni, alizoea kumtazama dereva wa gari la pembeni usoni na kuomba kuchomekea.

Dereva wa semi naye aliamua. Alipoiona Noah imenasa hakupiga honi ya kulaumu wala hakushikilia mwendo wake kwa kiburi cha "nilikuwa na haki". Alishika breki akiwa na mzigo, kwenye mteremko mdogo unaofuata kilima, na hilo kwa gari la tani nyingi vile si jambo la kufanyia mzaha. Dereva wa basi alichagua vumbi. Aliniambia, huku akitafuna, kwamba alipoona taa za magari mawili upande wake hakusubiri kujua nani atarudi: "Mimi nilishajua hawarudi. Nikatafuta pa kwenda."

Matokeo

Hakufa mtu. Shangazi alijizuia na dashibodi kwa mkono, kifundo kikateguka. Mtoto aligonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Aliyempakata hakuwa amefunga mkanda, na hata angefunga, mapaja ya mtu si kiti cha mtoto. Kwenye basi kulikuwa na michubuko na mama mmoja aliyepandwa na presha.

Semi ilisimama mbele kidogo. Utingo wake akakata matawi akayapanga barabarani kila upande, kabla hata mtu hajakumbuka pembetatu. Trafiki walipofika, picha ya kamera ilimponza mwenye kamera: ilionyesha wazi amevuka mstari usiokatika. Aliandikiwa kosa akalipa. Namba ya Prado haikusomeka kwa vumbi.

Kuhusu tairi la basi wazee walikaa kando ya barabara kama wanavyokaa kwenye posa. Wakafikia laki nne. Noah nzima ilipokusanya mifuko ikapata laki na nusu, na iliyobaki ikatoka kwenye bahasha ya rambirambi iliyokuwa kwenye mkoba wa shangazi. Alizihesabu mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Kijijini walifika saa 11 kasoro. Walikuta watu wanakung'uta majembe.

Uchambuzi: lugha ya taa haina kamusi

Kosa ambalo wanafunzi wangu hawalioni mara moja ni hili: indiketa ya kushoto ilikuwa ya kweli. Dereva wa semi hakudanganya wala hakukosea. Nilipompigia alisema jambo ambalo sasa naliandika ubaoni: "Mimi nilimwonyesha anipite mimi. Sikumwonyesha ampite na yule wa mbele yangu."

Kwake yeye maana ilikuwa wazi: toka, nipite, nitakupa nafasi uingie mbele yangu, halafu mengine utaongea na mwenye mafuta. Alichosahau ni kwamba nafasi hiyo haikuwepo wakati anawasha. Alikuwa umbali wa mita kumi na mbili hivi kutoka kwa mwenzake. Noah peke yake ina mita nne na nusu. Ingeingia hapo ingebakiwa na mita saba na ushee za kugawana mbele na nyuma, na kwa mwendo wa 55 gari linakula mita 15 kila sekunde. Kwa hiyo dereva wa Noah, hata kama angeielewa ishara vile mwenzake alivyoikusudia, asingekuwa na pa kuingia mpaka semi ipunguze.

Halafu ishara zenyewe zina maana nyingi mno. Kushoto ni "pita", na pia ni "nasimama", na pia ni "nakunja kushoto kwenda kupima tairi". Kulia ni "usitoke", na pia ni "natoka mimi kuovateki", na usiku madereva wengi wa malori huiwasha wanapopishana ili uone ubavu wao unaishia wapi. Kumulika ndiyo usiseme. Anayekuja mbele akikumulika huenda anakuambia kuna tochi kijiji kinachofuata, huenda anakuambia zima ful unaniumiza, huenda anakupisha, huenda anakukataza. Hazadi mbili za haraka baada ya kupishwa ni asante; hazadi zilizobaki zinawaka ni balaa mbele. Tumejifunza yote haya kwa kukaa kiti cha mbele cha basi au kwa kumtazama mjomba, na kila mtu ana mjomba wake.

Msimamo wangu, na najua madereva wa malori wengi hawautaki: ya kulia iendelee, ya kushoto ife. Ukinionya kwa makosa kwamba kuna gari, nimepoteza nusu dakika nyuma yako. Ukiniruhusu kwa makosa, hesabu yake inalipwa kwa kitu kingine. Na aliye juu ya semi anaona mbali zaidi yangu, sawa, lakini hajui gari langu lina nguvu kiasi gani, limebeba watu wangapi, na nyuma yangu yuko nani. Dereva wa semi hakuiona Prado kabisa. Ilikuwa imefichwa na Noah.

Uchambuzi: mita zilizokuwepo na zilizohitajika

Nilirudi mahali pale na kupima kwa kipimo cha gari langu. Kutoka Noah ilipotoka hadi kwenye kona iliyoleta basi ni kama mita 450.

Chukua Noah iliyo mita 20 nyuma ya semi ya mita 17. Ili iipite na kurudi kushoto ikiwa imeiacha mita 20, lazima ipate jumla ya mita 61 na nusu juu ya semi. Semi iko 55, Noah tuseme 80. Tofauti ya kilomita 25 kwa saa ni karibu mita 7 kwa sekunde, kwa hiyo ni sekunde 9. Ndani ya sekunde hizo Noah imekwenda mita 200, na basi linalokuja kwa 80 nalo limekula mita 200 za upande wake. Jumla 400. Kwa semi moja, kwa karatasi, ilikuwa inawezekana kwa kubana pumzi.

Ongeza lori la mafuta, mita 17 nyingine na pengo la 12. Sekunde zinakuwa 13, na barabara inayotakiwa inapita mita 570. Haikuwepo.

Na hizo ni hesabu za kumpendelea. Zinachukulia Noah imetoka ikiwa tayari kwenye 80, wakati ilitoka kwenye 55 ikiwa na watu wanane na kiyoyozi kinanguruma. Nawaambia wanafunzi wajaribu wenyewe, barabara ikiwa tupu, gari likiwa limejaa: linachukua sekunde ngapi kutoka 55 hadi 80? Wengi hawajawahi kujua. Wanalijua gari lao likiwa tupu, mtu mmoja, asubuhi ya kwenda kazini.

Ubaya mwingine ni ule umbali wa mita 20. Akiwa karibu namna ile nyuma ya semi, alichokuwa anakiona ni milango ya kontena na stika ya Nenda kwa Usalama iliyochakaa. Angekaa mita 50 nyuma angeiona kona, angeliona lori la mafuta limekaribiana vipi na semi, na angeanza kuongeza mwendo akiwa bado upande wake. Lakini hakuthubutu kuacha pengo, kwa sababu aliogopa Prado itaingia hapo.

Hapo ndipo kisa chote kilipofungwa, kwa maoni yangu.

Uchambuzi: kupitwa

Shule za udereva zinafundisha kupita. Kupitwa hakuna anayefundisha, ingawa kanuni ipo na ni ya zamani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema waziwazi kwamba anayepitwa akae upande wake na asiongeze mwendo. Mkataba huo huo unamtaka anayetaka kupita ahakikishe kwanza kwamba wa nyuma yake hajaanza kumpita yeye. Vipengele hivyo viwili vingetosha kukimaliza kisa hiki kabla hakijaanza.

Turudi kwenye ile 75 iliyopanda hadi 95. Mwenye Prado alikuwa mkorofi, simtetei, na alichokifanya sekunde ya 15 kilistahili mahakama. Lakini alipotoka mara ya kwanza alitoka mahali paliponyooka, mbele pakionekana. Noah ingeachia mafuta kidogo tu, sekunde nne tano, Prado ingekuwa imekwenda zake kumsumbua mtu mwingine, au kuwahi huko ilikokuwa inawahi. Badala yake ikawekwa nyuma, imeaibishwa mbele ya abiria wake kama walikuwepo, na ikabebwa mgongoni kilomita zote zile. Dereva wa Noah alijitengenezea jirani aliyemkosesha pa kurudi.

Hili watu hulipinga darasani kuliko yote. Mama mmoja, dereva wa taasisi, aliniambia: "Mwalimu, kwa hiyo mkorofi ndiye apewe barabara?" Ndiyo, dada yangu. Mpe. Mpe haraka. Ukiona kuna bega pana, washa kushoto kwa maana yake halisi, punguza, apite. Hutamfundisha adabu ukiwa mbele yake na watoto ndani ya gari. Ukiwa nyuma yake angalau unamwona.

Lipo pia la shangazi, na hapa huwa natembea taratibu. Hakumwambia kijana apite. Alisema tu kaka yake atazikwa hajamwona uso. Kijana wa Kiafrika aliyeshika usukani na shangazi yake mfiwa pembeni, hiyo ni amri tosha. Ninachopendekeza ni kitu kidogo: kabla ya safari ya msiba, harusi au mgonjwa, dereva amteue mtu mmoja garini awe wa kupiga simu. Kazi yake iwe kuwaambia wa huko mbele tumefika wapi, ili kijiji kijue kama kisubiri. Simu ya kijijini siku ile ilipigwa baada ya ajali. Wangepigiwa kutoka Mikumi, wenye msiba waliniambia, wangesogeza hadi saa 11 bila maneno.

Baadaye

Dereva wa Noah ameweka kamera ya nyuma, na amenunua kiti cha mtoto cha mtumba, kizuri tu. Njia ya Iringa ameshakwenda mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili alilala Morogoro.

Dereva wa semi yuko bado barabarani, Dar na Tunduma. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa Ruaha Mbuyuni ananunua vitunguu, nyuma yake nasikia wauzaji wanagombania madirisha. Nikamuuliza kama bado anawaonyesha watu wapite. Akasema ya kushoto ameiacha. Anawasha ya kulia tu panapokuwa na hatari, na kukiwa kweupe anakaa kimya, anasogea kushoto kidogo na kuongeza pengo na aliye mbele yake, basi.

"Na wa nyuma wanasemaje?"

"Wananipigia honi, mwalimu. Wanadhani mimi ndiye mkorofi."